Tuonyesheni Ada ya Mbwa Imeandikwa Wapi

Watu wa Khayega hatukatai kulipa. Tunalitanguliza hilo kwa sababu kila tukifungua mdomo kuhusu ada, hakosekani mheshimiwa wa kushika kipaza sauti kwenye matanga ya watu na kusema kwamba raia wa siku hizi wanataka barabara, dawa na taa za sokoni, lakini mfukoni hawataki kuguswa. Tunaguswa. Mama anayepanga nyanya kando ya barabara ya Kisumu huguswa kabla hajauza fungu la kwanza. Aliyeleta kuku sokoni hulipa, na kijana wa bodaboda atakayembeba kuku huyo hadi Shinyalu ana malipo yake mwenyewe. Kinyozi ana leseni ukutani, imebanwa katikati ya picha za mitindo ya nywele. Tumezoea, na siku nyingi hatusemi kitu. Safari hii tumesema, na tumesema kwa ajili ya mbwa.

Ofisi iliyotukasirisha hatutaitaja, wala mji iliomo. Hatuogopi. Ila malalamiko haya ukiyaanzisha kwenye matatu ya kwenda Kisumu, hamjafika Chavakali abiria wawili watatu watakuwa wamedakia kwamba hata kwao ni vivyo hivyo, na mmoja wao atakuwa anazungumzia mbuzi, mwingine pikipiki.

Asiyeijua Khayega kwa lingine anaijua kwa mafahali wanaopiganishwa. Siku ya mchezo, fahali hutolewa zizini alfajiri na kusindikizwa kwa ngoma ya isukuti, pembe, filimbi na vijana wenye matawi mikononi, wote wakikimbia na kuimba hadi uwanjani. Isukuti hiyo ya Waisukha na Waidakho ndiyo iliyoingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Kuhusu mbwa wanaoufuata msafara UNESCO haikusema neno, lakini wapo. Mahali palipo na watoto, kelele na harufu ya nyama choma, mbwa wa Khayega hawezi kubaki nyumbani akilinda mlango.

Basi mbwa wa jirani yetu mmoja, mbwa wa kahawia mwenye baka jeupe kifuani, aliufuata msafara na hakurudi nao. Tulimtafuta. Watoto walizunguka mashamba ya miwa wakimwita, mwalimu mstaafu akaweka picha yake kwenye WhatsApp ya kikundi cha maziko, na mwishowe mwendesha bodaboda mmoja akaleta habari: mbwa wenu nimemwona, amefungwa nyuma ya ofisi za kaunti mji fulani, anawabwekea watu wanaokwenda kulipia vibanda.

Ukienda peke yako mbele ya meza ya ofisi unakuwa mtu wa kuambiwa njoo kesho. Kwa hiyo tulikwenda kikundi: mwenye mbwa, mzee wa kijiji, mwalimu, na sisi wengine tuliokuwa na nafasi. Mazungumzo yalianza vizuri.

"Habari ya kazi, mkubwa. Tumekuja kwa ajili ya mbwa wetu."

"Mbwa gani?"

"Yule wa kahawia, mwenye baka jeupe."

"Anaitwa nani?"

"Simba."

"Mzee, hapa kila anayekuja, mbwa wake anaitwa Simba."

Hapo alikuwa na haki. Katika vijiji vyetu, mbwa asiyeitwa Simba anaitwa Tiger, na asiyeitwa Tiger hajapewa jina. Lakini Simba mwenyewe alimaliza ubishi, maana aliposikia sauti ya bwana wake alianza kulia na kuzunguka mti hadi kamba ikamkaba. Yule afisa hakuhitaji ushahidi mwingine. Alihitaji karatasi.

"Sasa mzee, leseni ya mbwa iko wapi?"

"Leseni hiyo hutolewa wapi, mkubwa?"

"Hiyo si idara yangu."

Tungependa wasomaji watulie hapo kidogo. Mtu anadaiwa leseni na ofisi ambayo haitoi leseni, haijui inakotolewa, wala haijawahi kusimama katika baraza lolote la chifu tulilohudhuria na kusema: wananchi, njooni muandikishe mbwa. Mwenye mbwa alitoa alichokuwa nacho, yaani kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa, yenye tarehe na mhuri wa daktari wa mifugo. Ilikuwa imekunjwa ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na kadi ya kliniki ya mtoto, maana nyumbani kwake karatasi za maana hukaa pamoja. Afisa aliitazama, akairudisha, akachana ukurasa wa daftari la shule na kuanza kuandika.

Aliandika shilingi 1,500 za kumkamata mbwa. Aliandika 1,000 za usafiri. Malazi 300 kwa kila siku, chakula 200 kwa kila siku. Chanjo 500. Faini ya kuzurura 2,000. Alipopiga mstari chini na kujumlisha, deni lilikuwa limepita elfu sita. Khayega kitoto cha mbwa hupatikana kwa jogoo mmoja, na kwa majirani wanaopendana hupatikana kwa asante.

Tuliipitia bili ile pale pale, kipengele kwa kipengele, na hatuoni aibu kusema tulipaza sauti. Malazi: mbwa amefungwa kwenye mwembe kando ya pipa la taka, na usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha. Chakula: palikuwa na sufuria moja yenye ukoko wa ugali, na mama anayewauzia maofisa chai alitunong'oneza kwamba ukoko huo ni wake. Usafiri: mama huyo huyo alisema mbwa aliletwa kwa miguu akivutwa kwa kamba, na hata aliyemvuta alimtaja. Chanjo: kadi ilikuwa mezani, na kwa vyovyote hakuna daktari wa mifugo aliyepita pale, kwa kuwa mbwa alifikishwa Jumamosi jioni na ofisi ilifungwa hadi Jumatatu.

Na hiyo Jumapili ndiyo iliyotuchoma zaidi. Ofisi imefungwa, mlinzi hana ruhusa ya kumtoa mbwa, hakuna nambari ya simu mlangoni, lakini Jumapili imehesabiwa. Waulize watu wa bodaboda, watakwambia siku ya wiki ambayo pikipiki hupenda kukamatwa. Ni Ijumaa jioni. Ikilala ndani Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, kufikia Jumatatu mwenyewe anadaiwa siku ambazo hata angekuja na pesa kwenye gunia asingepata wa kumpokea.

Sasa sikilizeni kilichofuata, kwa sababu ndicho kiini cha manung'uniko yetu. Mzee wa kijiji alikohoa. Akasema kwa upole kwamba sisi ni watu wa hapa hapa, tunajuana. Faini ikafutwa. Mwalimu akauliza kuhusu ile kadi ya chanjo. Chanjo ikafutwa. Mwenye mbwa akasema ana watoto wanne na karo haijalipwa. Malazi yakagawanywa mara mbili. Bili ilishuka kutoka elfu sita na ushei hadi elfu tatu, kutoka elfu tatu hadi elfu mbili, na mwishowe afisa akaikunja ile karatasi, akaitia mfukoni, akasema: "Wazee, leteni elfu moja tumalize haya maneno." Mwalimu aliomba nambari ya kulipia kwa simu. Akajibiwa kwamba mtambo leo haufanyi kazi. Akaomba risiti. Akajibiwa kwamba kitabu kiko kwa mtu aliyekwenda semina.

Jirani yetu alilipa elfu moja taslimu. Tusimlaumu, watoto walikuwa wanamlilia mbwa. Lakini tangu siku hiyo tunajiuliza: ada gani hii ya serikali ambayo bei yake hushuka kwa kikohozi? Mitumba ndiyo yenye bei ya kuanzia na bei ya mwisho. Ada ya sheria ni moja, kwa mwenye gari na kwa mwenye baiskeli, na ikipungua lazima pawe na sheria iliyoipunguza.

Hilo hatujalibuni. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 210, inasema hakuna kodi wala ada ya leseni itakayotozwa, kusamehewa au kubadilishwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria iliyotungwa. Na pale sheria inaporuhusu msamaha, kifungu hicho hicho kinataka kila msamaha uandikwe kwenye rekodi ya umma pamoja na sababu yake, kisha upelekwe kwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Kwa hiyo yule afisa, kama angekuwa anatoza ada halali, angepaswa kumwandikia Mkaguzi Mkuu kwamba alipunguza kwa sababu mzee alikohoa. Na kama ada yenyewe haikuwa halali, basi hata ile elfu moja ilikuwa nyingi.

Mwalimu wetu mstaafu, ambaye tangu aache chaki ana muda wa kusoma, alitufungulia ukurasa mwingine wa Katiba hiyo. Jedwali la Nne hugawa kazi kati ya serikali ya kitaifa na za kaunti. Katika sehemu ya pili, kazi ya sita ya kaunti ni udhibiti na ustawi wa wanyama, nayo imefafanuliwa kwa vipengele viwili. Cha kwanza ni utoaji wa leseni za mbwa. Ndiyo, mbwa yumo ndani ya Katiba ya Kenya, na wengi wetu tulipoipigia kura hatukujua kwamba tunampigia na Simba. Kipengele cha pili ni vifaa vya kuwahifadhi wanyama, kuwatunza na kuwazika. Mahali pa kulala, matunzo, hata kaburi! Vipengele hivyo viwili vimeandikwa jirani, (a) na (b). Inaelekea baadhi ya maofisa wetu walisoma (a), wakaona neno leseni, wakafunga kitabu.

Tunasema hivyo kwa sababu Katiba, katika kifungu cha 209, inaipa kaunti ruhusa ya kutoza malipo kwa huduma inazotoa. Kwa huduma inazotoa. Ukinijengea banda la mbwa lenye paa, maji safi na mtu wa kulisha, nitozwe malazi, sina neno. Mwembe uliopandwa na wazee wakati wa ukoloni si huduma ya mtu. Na ile Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, katika sehemu inayohusu viwango vya malipo, inataka watu watendewe kwa usawa, na kila mmoja alipe kwa kadiri alivyoitumia huduma. Ukoko wa ugali wa mama chai hauwezi kuwa shilingi 200 kwa siku hata ukipimwa kwa mizani gani.

Kuna watakaosema tunampigia mbwa kelele nyingi wakati watu wana njaa. Tunalielewa hilo, na tena tuna la kukiri kuhusu upande wetu. Mbwa wetu wanazurura. Wengi hufungwa mchana kwa jina tu, na usiku hufunguliwa wakalinde, nao hulinda boma la jirani, soko na barabara kuu yote. Wanaua vifaranga. Wanawakimbiza watoto wa shule na waendesha baiskeli. Na kichaa cha mbwa si hadithi ya kutishia watoto. Dalili zikishamtokea mtu, kupona ni jambo ambalo madaktari hawaliahidi kabisa, na nchini Kenya vifo vya ugonjwa huo hukadiriwa kufikia 2,000 kwa mwaka. Mzazi ambaye mtoto wake ameumwa anajua mzunguko wake: kuosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kukimbilia hospitali, kuambiwa sindano ni za awamu kadhaa zenye tarehe zake, na siku nyingine kuambiwa dawa imekwisha ukanunue nje. Mzazi huyo akisikia tunalalamika kwamba mbwa amekamatwa atatushangaa.

Hatulalamiki kwamba alikamatwa. Mbwa asiye na mtu barabarani akamatwe. Sheria ya Kichaa cha Mbwa, Sura ya 365, imekuwapo tangu zamani na ina sababu zake. Tunacholalamikia ni kwamba ada ya namna hii inaharibu kazi ile ile ya kuuzuia ugonjwa. Tueleze. Wataalamu wanasema ili ugonjwa uache kuzunguka katika eneo, mbwa 70 kati ya kila 100 wawe wamechanjwa. Huo ndio msingi wa mpango wa taifa wa kuutokomeza, ulioanza mwaka 2014 na unaotarajiwa kufika mwisho 2030, na majirani zetu wa Kisumu na Siaya walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuanza nao. Sasa hesabu ni rahisi. Mbwa wa jirani yetu alikuwa kati ya hao 70. Alipelekwa na mtoto wa darasa la tano akiwa amemfunga kamba ya katani, akapanga foleni, akadungwa, akapewa kadi. Ukimdai mwenyewe elfu sita ili amrudishe, mwenye akili atafanya nini? Atamwacha huko huko na kuchukua kitoto kingine kwa jogoo. Aliyechanjwa atapotelea mwembeni, na nyumbani ataingia asiyechanjwa. Fanya hivyo katika boma hamsini na umeifuta kampeni nzima ya chanjo, kwa kutafuta shilingi ambazo hata benki ya kaunti hazikufika.

Tukubali pia kwamba kudai pesa za mbwa si uchawi wa Kenya peke yake. Uingereza, ambako mengi ya masharti haya yalitoka, nao hukamata mbwa waliopotea, na mwenyewe hulipa ndipo ampate. Lakini angalieni jinsi walivyoliandika. Sheria yao ya mwaka 1990 inataka mbwa ashikiliwe siku saba, na kama shingoni ana anwani ya mwenyewe, mwenyewe aandikiwe notisi ya kumwambia mbwa yuko wapi. Inataka afisa awe na daftari la kila mbwa aliyekamatwa, na daftari hilo mwananchi yeyote ana haki ya kulitazama bila malipo. Malipo yenyewe yaliwekwa kwenye kanuni: pauni 25, halafu gharama za kumtunza. Yaweza kuwa ni pesa nyingi au chache, lakini kikohozi hakiingii. Na leseni ya mbwa, ile waliyokuwa wakiitoza tangu zama za malkia wa kale, waliifuta mwaka 1987. Ilikuwa imebaki peni 37, na kuikusanya kuligharimu zaidi ya kilichopatikana. Sisi miaka 23 baadaye tukaiandika kwenye Katiba. Si vibaya kuwa nayo. Vibaya ni kuwa nayo mdomoni mwa afisa tu.

Katika nchi yetu hii mahakama imekwisha kusema. Mwaka 2013, mwaka wa kwanza wa ugatuzi, Kaunti ya Kiambu ilipitisha Sheria ya Fedha yenye orodha ndefu ya ada. Wananchi wakaenda Mahakama Kuu, na mwezi Aprili 2014 Jaji George Odunga akaitangaza sheria hiyo kuwa batili kwa kuwa umma haukushirikishwa ipasavyo. Alisema kushirikisha watu si kutimiza utaratibu tu. Bunge la kaunti linapaswa kutumia kila pahali watu wanapokutana: makanisa, misikiti, mabaraza, redio za taifa na za lugha za mama. Kwetu hilo lina maana moja tu. Ukitaka kujua kama Mluhya ameshirikishwa, uliza kama jambo lenyewe limesikika Mulembe FM, limesomwa kanisani Mukumu baada ya misa, na limetangazwa Khayega siku ya soko, wakati kina mama wako. Tangazo la Kiingereza kwenye gazeti linalouzwa mjini, likiwaita watu kwenye ukumbi wa hoteli siku ya kazi saa tatu asubuhi, nauli juu yako, hilo ni la kuwashirikisha wale wale wanaolipwa posho ya kuhudhuria.

Kila mwaka kaunti hupitisha Sheria ya Fedha, na mwishoni mwake huwa na majedwali ya ada. Huko ndiko ada ya mbwa inapopaswa kuwa, kama ipo: ya kumwandikisha, ya kumkomboa, ya siku moja ya malazi. Tumewauliza watu wazima, wenye vyeti, waliowahi kuwa makarani, kama wamewahi kuyaona majedwali hayo yamebandikwa ukutani katika ofisi yoyote wanayolipia. Walichowahi kuona ukutani ni kalenda, picha ya gavana na bango la kutokomeza ufisadi.

Kwa hiyo tunadai mambo ambayo hayahitaji mfadhili. Jedwali la ada za wanyama libandikwe mlangoni, kwa Kiswahili, kwa herufi ambazo mzee asiye na miwani anaweza kuzisoma. Anayekamata mbwa, mbuzi au ng'ombe aandike kwenye daftari saa, mahali na jina lake, na siku ambazo ofisi imefungwa zisihesabiwe kwa mwenye mnyama. Mbwa mwenye kadi ya chanjo asitozwe chanjo. Pesa zipite kwenye simu, na mtambo usipofanya kazi mbwa aondoke na deni liandikwe, maana tunajulikana tunakoishi. Na leseni ikitakiwa, iletwe siku ile ile ya chanjo, mezani pale pale kwa daktari wa mifugo, mtoto aliyemleta mbwa kwa kamba arudi nyumbani na vyote viwili. Tuko tayari kuilipia leseni hiyo. Hata kibati cha shingoni tutakinunua, ingawa wazee wetu wakisikia habari za kibati shingoni hukumbuka kipande ambacho baba zao walivalishwa na Mzungu kuanzia miaka ya 1919 na 1920, na hukaa kimya kidogo kabla ya kuendelea na chai.

Wakati tukingoja, mwalimu ameandika barua. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inasema ombi laweza kuandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, na kuliwasilisha hakutozwi chochote. Ofisi ya umma ina siku 21 za kujibu. Barua yetu ni ya Kiswahili na imetimiza ukurasa mmoja. Inauliza sheria gani, jedwali gani na kipengele gani kinachotaja ada ya kumkomboa mbwa, nani aliyeruhusiwa kuipunguza, na shilingi 1,000 zilizopokelewa siku ile ziliingia akaunti gani. Ikinyamaziwa tutaipeleka kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile watu wanayoiita Ombudsman, ambako kulalamika nako ni bure.

Wewe unayesoma, kama umewahi kulipia mbwa, mbuzi au pikipiki kwa karatasi iliyochanwa daftarini, usiitupe karatasi hiyo. Andika nyuma yake tarehe, ofisi, kiasi ulichoambiwa kwanza na kiasi ulicholipa mwisho, kisha uilete Khayega siku ya soko. Na ninyi wawakilishi wa wadi, mswada wa fedha unaofuata ukifika mbele yenu, kabla ya kuinua mkono fungueni majedwali ya nyuma, mtafute mbwa amewekewa shilingi ngapi, halafu mje mtusomee sisi.